Herufi Zenye Pembe na Taswira ya Afrika: Uchunguzi wa Fonti ya Neuland

Ikisiri

Makala haya yanachunguza fonti iitwayo Neuland, iliyobuniwa na Mjerumani Rudolf Koch mwaka 1923, ambayo kwa miaka mingi imetumiwa katika nchi za Magharibi kama vazi la kila kinachoitwa cha Kiafrika. Yanafafanua sifa za fonti hiyo, yanafuatilia safari yake kutoka karakana ya Ujerumani hadi kwenye majalada na mabango, na yanaonyesha kwamba uhusiano wake na Afrika haumo katika umbo lake bali umezaliwa na mazoea ya watumiaji. Hatimaye yanapendekeza jinsi mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anavyoweza kulisoma jalada kama sehemu ya matini, na jinsi mhariri wa Kiswahili anavyoweza kutumia fonti ya aina hii kwa manufaa yake.

1. Utangulizi

Mhakiki wa fasihi hufundishwa kuanza na neno. Huchunguza msamiati, tamathali, sauti na muundo wa sentensi, kisha akaingia katika maudhui na itikadi. Ni nadra kuulizwa swali linalotangulia yote hayo: neno lenyewe limechapishwa kwa herufi za umbo gani? Hata hivyo, msomaji anayeshika kitabu dukani huliona umbo la herufi za anwani kabla ya kuisoma anwani yenyewe. Umbo hilo humdokezea iwapo kitabu ni cha watoto au cha watu wazima, cha mapenzi au cha upelelezi, cha kumfurahisha au cha kumwelimisha.

Mhakiki wa Kifaransa Gérard Genette, katika kitabu chake Seuils cha mwaka 1987, aliyaita mambo yanayoizunguka matini kuwa ni vizingiti, na hiyo ndiyo maana ya jina la kitabu hicho. Jalada, anwani, dibaji na jina la mwandishi ni vizingiti ambavyo hapana budi msomaji avivuke ili aingie nyumbani. Mtu anayevuka kizingiti huingia na matarajio fulani, na matarajio hayo huathiri kile atakachokiona ndani.

Kwa upande wa isimu, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujifunza kwamba lugha ni mfumo wa ishara nasibu. Ferdinand de Saussure alieleza kwamba baina ya kiashiria na kiashiriwa hakuna mfungamano wa kimaumbile. Ni jamii inayokubaliana kwamba sauti fulani isimamie dhana fulani. Swali linaloongoza makala haya ni kama kanuni hiyo inahusu pia umbo la herufi. Je, kuna herufi ambayo kwa asili yake ni ya Kiafrika? Fonti ya Neuland ni mfano mwafaka wa kulijibu swali hili, kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa kwake, mahali ilipozaliwa na mikono iliyoizaa vinajulikana.

2. Chimbuko la Neuland

Fonti ni seti ya herufi, tarakimu na alama zilizobuniwa kwa mtindo mmoja. Rudolf Koch, aliyezaliwa Nuremberg mwaka 1876 na kufariki Offenbach mwaka 1934, alikuwa miongoni mwa wabunifu mashuhuri wa fonti nchini Ujerumani. Alikuwa mwandishi wa hati za mkono, mwalimu wa sanaa na Mkristo mwenye imani thabiti. Kuanzia mwaka 1906 alifanya kazi na kiwanda cha ndugu wa Klingspor mjini Offenbach, karibu na Frankfurt. Kiwanda hicho kilikuwa kikisubu herufi za risasi kwa ajili ya wapigachapa.

Wakati huo, kuunda fonti kulikuwa kazi ya chuma. Fundi alichonga umbo la herufi kwenye ncha ya ufito wa chuma cha pua. Ufito huo uligongwa juu ya kipande cha shaba ili kuacha alama ya herufi, na kipande hicho kikawa kalibu. Ndani ya kalibu ilimiminwa risasi iliyoyeyushwa na kuchanganywa na antimoni na bati. Ilipopoa, ikatoka herufi ya kuchapia. Aghalabu mbunifu alichora herufi kwanza kwenye karatasi, kisha fundi mwingine akafuatisha mchoro huo katika chuma.

Koch aliukiuka utaratibu huu. Katika kuiunda Neuland aliacha michoro, akashika zana na kuchonga herufi moja kwa moja katika chuma kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo, herufi A ya ukubwa mmoja haikulingana kikamilifu na A ya ukubwa mwingine, kwani kila ukubwa ulichongwa upya. Kwa jicho la mtu wa kiwandani, tofauti hizo zingeweza kuonekana kuwa ni kasoro. Katika fonti hii ndizo zilizoipa uhai, kwa sababu mkono wa fundi ulibaki ukionekana juu ya karatasi.

Jina Neuland lina maana ya ardhi mpya, na katika Kijerumani hutumiwa pia kwa jambo lolote ambalo bado halijajaribiwa. Ardhi mpya aliyoikusudia Koch ilikuwa ya ufundi wake. Wajerumani wa zama zake walikuwa wakichapisha kwa mikondo miwili: herufi za Kirumi na herufi nene za Kigothi, ambazo wengi waliziona kuwa kielelezo cha Ujerumani. Koch alikulia katika mkondo wa Kigothi na kuumudu sana. Mtu akiutazama ukurasa uliopangwa kwa Neuland, atauona weusi uleule mzito wa ukurasa wa Kigothi, ila mapambo yameondolewa na mifupa ya herufi ni ya Kirumi. Hakuna mahali popote katika historia hii ambapo Afrika inatajwa.

3. Sifa za Kimaumbo

Neuland hutambulika kwa sifa tano kuu. Kwanza, ina herufi kubwa tu; haina herufi ndogo. Pili, mistari yake ni minene na uzito wake unakaribia kulingana kila mahali. Tatu, haina vile vijikia vidogo vinavyomalizia mistari katika herufi za kawaida za vitabuni. Nne, kingo zake zimekatwa kwa makali: hata herufi O haikupewa mduara kamili, bali mkunjo wake una dalili za kukatwa na patasi. Tano, herufi zikipangwa pamoja husongana na kuacha weupe mdogo sana, hivi kwamba mstari mzima huonekana kama ubao uliochongwa.

Kulikuwa pia na toleo lenye mstari mweupe unaopita katikati ya unene wa kila herufi. Mstari huo hupunguza uzito na kuipa herufi sura ya kitu kilichochimbwa.

Sifa hizi zinaonyesha wazi kwamba Neuland ni fonti ya kutangaza. Inafaa bango, anwani ya kitabu, nembo, au tamko la maneno machache. Haifai aya ndefu, kwani jicho huchoka haraka kwa wingi wa weusi na kwa kukosa tofauti ya kimo baina ya herufi.

4. Kutoka Offenbach hadi Afrika ya Kubuniwa

Fonti ni bidhaa. Ikishauzwa, mbunifu hana tena mamlaka juu ya matumizi yake. Neuland iliuzwa nje ya Ujerumani, ikaigwa na viwanda vingine, na nchini Marekani ikapokewa zaidi katika matangazo ya biashara. Huko kulikuwa tayari na desturi ya karne ya 19 ya mabango yaliyochapishwa kwa herufi kubwa za mbao, yaliyotangaza sarakasi na bidhaa za kila namna. Herufi nene iliyokatwa kwa makali ilikumbusha mbao, nayo mbao ikakumbusha vitu visivyo vya kifahari. Hatua kwa hatua, Neuland na fonti zilizofanana nayo zikawa zinachaguliwa kila palipotakiwa kuashiria pori, safari, ngoma, wanyama, na hatimaye Afrika na watu wenye asili ya Afrika.

Mwaka 2004 mbunifu wa Kimarekani Rob Giampietro alichapisha insha iliyoshutumu mazoea haya. Alizitaja fonti mbili, Neuland na Lithos, kuwa mifano ya uchapaji unaoeneza dhana kasumba. Historia ya Lithos inaufanya mjadala huu kuwa wa kushangaza zaidi. Fonti hiyo ilibuniwa na Carol Twombly kwa kampuni ya Adobe mwaka 1989, kwa kufuata maandishi ya Wagiriki wa kale yaliyochongwa katika mawe. Hata jina lake ni neno la Kigiriki lenye maana ya jiwe. Hata hivyo, nayo ilijikuta ikitumiwa kuashiria Uafrika na tamaduni nyingine zilizohesabiwa kuwa za kale. Kwa hiyo, herufi ya Mjerumani na herufi yenye asili ya Ugiriki ziliingizwa katika ghala moja na kubandikwa jina la bara ambalo hazikutoka.

Mantiki ya ghala hilo hudhihirika katika mfano mwingine. Filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 ilitumia Neuland yenye mstari mweupe katika nembo yake. Filamu hiyo haihusu Afrika. Inasimulia habari za kisiwa cha kubuni ambamo dinosau wamerejeshwa duniani. Iwapo herufi zilezile zinaonekana kufaa kwa dinosau na kwa riwaya ya mwandishi wa Kiafrika, basi mtazamaji anafundishwa kimyakimya kwamba vitu hivyo viwili ni vya kundi moja: vyote ni vya porini, vyote ni vya kale, vyote viko nje ya historia. Hakuna sentensi iliyotamka hivyo, na kwa sababu haikutamkwa, ni vigumu kuipinga. Waswahili husema msema pweke hakosi.

Afrika haiko peke yake katika jambo hili. Mwaka 1883 kiwanda cha Cleveland nchini Marekani kilitoa fonti iliyoitwa ya Kichina, yenye herufi za Kilatini zilizoundwa kwa vipande vinavyofanana na mapigo ya brashi. Wala herufi si kitu ambacho watawala hukidharau. Januari 1941 serikali ya Wanazi ilipiga marufuku herufi za Kigothi, zilizokuwa zikisifiwa kuwa roho ya Ujerumani, kwa madai kwamba zilikuwa za Kiyahudi. Herufi hazikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni amri. Mfano huu unathibitisha kwamba utambulisho wa herufi hutolewa na wenye uwezo wa kuutoa, na unaweza kuondolewa vivyo hivyo.

5. Je, Umbo Halina Maana Yoyote?

Huenda msomaji akapinga kwamba herufi nene yenye pembe haiwezi kuwa sawa na herufi nyembamba yenye mikunjo. Pingamizi hili lina msingi. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler alieleza jaribio ambamo watu walionyeshwa maumbo mawili, moja la pembe kali na jingine la mviringo, wakaulizwa lipi liitwe takete na lipi liitwe baluma. Wengi hulipa umbo la pembe jina la takete. Inaelekea kwamba jicho na sikio vina maelewano fulani kuhusu ukali na ulaini.

Hapa ndipo inapobidi kutenganisha mambo mawili. La kwanza ni hisia: pembe hudokeza ukali, unene hudokeza sauti kubwa, alama za patasi hudokeza kazi ya mkono. Hisia hizi zina mzizi katika umbo lenyewe, na zinafanana na tanakali za sauti katika lugha, ambazo si nasibu kabisa. La pili ni utambulisho: kwamba ukali huo ni wa watu fulani, wa rangi fulani, wa bara fulani. Huu hauna mzizi wowote katika umbo. Ni nasibu, na hujengwa kwa kurudiarudia. Kosa la watumiaji wa Neuland halikuwa kuona ukali ndani yake. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ukali ukionekana, Afrika imeonekana.

6. Herufi za Kuchongwa katika Upwa wa Waswahili

Dhana kwamba Afrika inahitaji herufi ya kuazimwa ili ijitambulishe huporomoka mara tu mtu anapoitazama historia ya maandishi barani. Wahabeshi wana hati ya Ge'ez, Wavai wa Liberia walibuni hati yao katika karne ya 19, na Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya kutumia herufi za Kilatini. Nakala ya Chuo cha Herekali ya mwaka 1728 ni ushahidi mmoja. Misahafu iliyonakiliwa na kupambwa kwa mikono huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, ni ushahidi mwingine.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba upwa huu una herufi zake zenye pembe. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna maandishi yaliyochongwa yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Yameandikwa kwa mwandiko wa Kikufi, ambao ni maarufu kwa mistari yake iliyonyooka na kona zake kali. Maandishi hayo yalichongwa zaidi ya miaka 800 kabla ya Koch kushika chuma chake. Lakini mbunifu wa ng'ambo anayetafuta herufi ya Kiafrika hafiki Kizimkazi, kwa kuwa anachotafuta ni ile Afrika ambayo jalada lililotangulia lilikwisha kumwonyesha.

Mwaka uleule wa 1923 ambao Neuland ilitoka, gazeti la Mambo Leo lilianza kuchapishwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, na wasomaji wakawa wakilipelekea barua na mashairi. Wasomaji hao hawakuwa nje ya historia. Walikuwa wakibishana juu ya mambo ya siku yao katika gazeti.

Mfano wa leo uko katika kanga. Maneno ya kanga, yaitwayo jina, yaliwahi kuandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya herufi za Kilatini kushika nafasi. Sasa huandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali, kwa sababu jina la kanga limekusudiwa kusomwa na jirani anayepita. Hizi nazo ni herufi za kutangaza. Umbo lake limetokana na kazi yake na na watu wake, na hazijitahidi kufanana na Afrika ya mtu yeyote.

7. Neuland na Maneno ya Kiswahili

Je, mhariri wa Kiswahili aikatae fonti hii? Hakuna sababu ya kufanya hivyo. Herufi isiyo na kabila haiwezi kuwa na hatia. Ila matumizi yake katika Kiswahili yanahitaji uangalifu wa aina tatu.

Kwanza, Kiswahili ni lugha ambishi bainishi, na maneno yake huwa marefu. Neno kama waliotutangulia likiandikwa kwa herufi ndogo huwa na sura: l na t zinapanda juu, g inashuka chini, na jicho hulitambua kwa mchoro wake. Likiandikwa WALIOTUTANGULIA kwa herufi nene zenye kimo kimoja, hugeuka ukuta. Kwa hiyo Neuland huwafaa Waswahili katika anwani ya neno moja au mawili mafupi.

Pili, Kiswahili kina irabu nyingi, hasa A. Herufi hii ni pana chini na nyembamba juu. Zikifuatana mbili, kama katika SAA, TAA au MAANA, pengo kubwa jeupe hubaki juu kati yake. Katika fonti nyembamba pengo hilo halisumbui, lakini katikati ya weusi wa Neuland huonekana kama jino lililong'oka. Mpangaji wa kurasa anapaswa kuzisogeza herufi hizo kwa mkono. Ndivyo ilivyo pia kwa TA, YA na VYA, ambazo hujirudia mno katika maandishi ya Kiswahili.

Tatu, ni sharti kuuliza umbo linatumikia nini. Tamthilia kuhusu mgomo wa wafanyakazi inaweza kuhitaji ukali na uzito wa herufi hizi. Diwani kuhusu mhunzi au mchongaji inaweza kunufaika na alama za patasi. Katika hali hizo fonti inatumiwa kwa hisia yake. Lakini riwaya ya mapenzi ya mjini Nairobi ikivishwa Neuland kwa sababu tu mwandishi wake ni Mwafrika, hapo fonti inatumiwa kwa utambulisho wa kubandikwa, na jalada linaisaliti kazi lililokusudiwa kuitambulisha.

8. Mwongozo wa Kulisoma Jalada

Mwaka 2014 uliibuka mjadala kuhusu majalada ya riwaya za Kiafrika zilizochapishwa Ulaya na Marekani, baada ya kubainika kwamba mengi yalionyesha mgunga mmoja na jua linalotua, hata hadithi ikiwa na mandhari tofauti kabisa. Mjadala huo ulijikita katika picha. Herufi zinastahili uchunguzi uleule, na mwanafunzi anaweza kuanza kwa maswali yafuatayo:

(a) Herufi za anwani zina sifa gani za kimaumbo: unene, pembe, mikunjo, kimo, nafasi?
(b) Sifa hizo zinaamsha hisia gani, na je, hisia hizo zinapatikana katika maudhui?
(c) Fonti hiyo ilibuniwa na nani, wapi, lini, na kwa matumizi gani?
(d) Ni vitabu au bidhaa gani nyingine zinazovaa herufi hizohizo, na jirani hao wanakisemea nini kitabu?
(e) Toleo jipya au tafsiri ya kazi hiyohiyo imebadilisha herufi? Kwa ajili ya wasomaji gani?

Swali la tano lina manufaa ya pekee katika tahakiki linganishi. Kazi ikichapishwa Nairobi kwa herufi za kawaida na kuchapishwa ng'ambo kwa herufi za kuchongwa, tofauti hiyo ni data. Inaonyesha jinsi kila mchapishaji anavyomdhania msomaji wake.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Neuland ilichongwa Ujerumani na Mjerumani, kwa mahitaji ya uchapaji wa Kijerumani, na kwamba Uafrika wake ulitokana na mazoea ya soko. Yamependekeza kutofautisha hisia ya umbo, ambayo ina msingi, na utambulisho wa umbo, ambao ni nasibu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Lakini mkakasi ukinakshiwa na wageni mara elfu kwa nakshi ileile, hata mwenyewe huanza kusahau mti ulivyokuwa. Uchunguzi wa herufi za majalada ya Kiswahili yaliyochapishwa Afrika Mashariki tangu uhuru ni kazi inayoweza kufanywa na mwanafunzi mwenye rula, kioo cha kukuzia na kadi ya maktaba. Majalada yamo rafuni.